Maji ya Samaki Yapimwe kwa Kipimo cha Samaki: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Maji, Uvuvi, Madini na Viwanda

Waheshimiwa,

YAH: METALI NZITO KATIKA MAJI YA KUFUGIA SAMAKI

Ninaandika nikiwa mfugaji wa samaki wa maji baridi, na ninaandika hadharani kwa sababu jambo hili limegawanywa katika ofisi nyingi mno. Anayetoa kibali cha kuchota maji ya mto siye anayetoa kibali cha mgodi ulio juu ya mto huohuo, anayepima maji huyapima kwa ajili ya matumizi ya binadamu, na anayekagua samaki humkagua akiwa ameshakuwa mnofu. Kila kazi kati ya hizo ina umuhimu wake, lakini katikati yake samaki aliye hai majini hana mtu anayempima. Kwa hiyo barua hii inawahusu nyote kwa pamoja, na ninaomba isomwe hivyo.

Ombi lenyewe ni hili. Maji yanayoingia mabwawani na kupita vizimbani yapimwe kwa viwango vilivyowekwa kwa kuzingatia uhai wa samaki. Tope la chini lichunguzwe pamoja na maji. Na metali nzito, kama shaba, zinki, kadimiamu, risasi na zebaki, zinapomwagika mtoni, mfugaji aliye upande wa chini aarifiwe papo hapo, kabla hajafungua lango la maji. Utaratibu unaotumika mahali pengi hautimizi hayo, na ninataka kueleza madhara ya pengo hilo kwa kina kadiri niwezavyo.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022, kwa mara ya kwanza, ufugaji ulitoa wanyama wa majini wengi kuliko uvuvi: tani milioni 94.4 dhidi ya takriban tani milioni 91. Zaidi ya nusu ya mavuno hayo ya ufugaji yalitoka katika maji ya bara, yaani mabwawa, malambo, mito na maziwa. Maji hayo ndiyo yanayopokea majitaka ya migodi, ya viwanda vya ngozi na vya kupaka vyuma kwa umeme, mabaki ya betri chakavu, majivu ya makaa ya mawe, na mvua inayoosha barabara na mashamba. Kitoweo cha dunia kinazidi kuhamia kwenye maji tunayoendelea kuyatumia kama mfereji wa taka, na sheria za maji hazijahama pamoja nacho.

Samaki wa porini akihisi shaba au zinki majini anaweza kugeuka na kwenda kwingine. Majaribio ya maabara yameonyesha mara nyingi kwamba spishi kadhaa hukwepa maji yenye metali hizo hata kabla hazijafikia kiwango cha kuua. Samaki wa kufugwa hana nafasi hiyo. Tumemzungushia nyavu au kuta za udongo, tumeamua ale nini na aishi wapi, na kwa kufanya hivyo tumejitwika wajibu wa kujua ni maji gani tunayompitishia mwilini.

Ninasema kumpitishia mwilini kwa maana halisi. Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvi nyingi kuliko maji anamoishi, hivyo mwili wake hupoteza sodiamu, kloraidi na kalisiamu kila wakati, naye hulazimika kuzivuta upya kutoka majini kupitia matamvua, ambayo ni utando mwembamba sana unaofanya pia kazi ya kuvuta oksijeni na kutoa amonia. Metali nzito hushambulia hapo kwanza. Shaba huzuia kimeng'enya kinachoendesha uvutaji wa sodiamu, na samaki akakosa chumvi damuni ingawa maji yanaonekana safi kabisa kwa macho. Kadimiamu, zinki na risasi hupita katika njia zilezile zinazopitisha kalisiamu na kuizuia isiingie. Alumini, ambayo si metali nzito lakini huandamana nazo katika maji ya migodi yenye tindikali, huganda juu ya matamvua yenyewe. Samaki hujitetea kwa kutoa ute mwingi, na ute huo, ambao ungemlinda kwa muda mfupi, huwa kizuizi cha oksijeni ukizidi. Ndiyo maana mfugaji anaweza kuwaona samaki wake wakihema juu ya maji asubuhi wakati kipimo chake cha oksijeni kinamwonyesha kwamba hewa inatosha. Akiwa hana kipimo kingine, atasema ni ugonjwa, atanunua dawa, na dawa haitasaidia.

Vifo vya ghafla, hata hivyo, ndiyo sehemu ya tatizo inayoonekana. Sehemu kubwa zaidi haionekani, na ndiyo inayonisumbua. Samaki anayepambana na shaba au kadimiamu kwa kiwango kisichomuua hutumia nguvu zake kutengeneza protini za kufunga metali mwilini, kurekebisha matamvua yaliyoharibika na kurudisha chumvi anazopoteza, na nguvu hizo hutoka katika ukuaji. Anakula kilekile lakini haongezeki uzito inavyopasa. Kinga yake hushuka, na bakteria au vimelea ambavyo angevishinda katika maji safi vinamshinda. Shaba kwa mikrogramu chache tu kwa lita, katika maji laini, yaani yenye kalisiamu kidogo, hudhoofisha pia uwezo wa samaki wa kunusa, na samaki asiyenusa hutafuta chakula kwa shida na hatambui hatari. Ninaamini kwamba hasara nyingi zinazoandikwa kwenye madaftari ya wafugaji kama chakula kibovu, vifaranga dhaifu au ugonjwa usiojulikana zingekuwa na maelezo mengine kama mtu angepima matamvua, ini na figo za samaki wale kabla hawajafukiwa.

Risasi ina alama zake. Kwa samaki jamii ya trauti, wanaopenda mito yenye ubaridi, kukaa muda mrefu katika maji yenye risasi huufanya mkia uwe mweusi, na baadaye uti wa mgongo hupinda. Mfugaji anayeziona alama hizo pamoja kwa samaki wengi ana ushahidi wa kutosha wa kuomba uchunguzi, na afisa ugani anayezijua hatazipuuza kwa kudhani ni kasoro ya kurithi. Ninataja jambo hili kwa sababu mafunzo ya maafisa ugani wa samaki hujaa habari za lishe na magonjwa, huku habari za sumu ya metali zikipewa nafasi ndogo.

Mayai na vifaranga ndio wanaoumia mapema kuliko wote, na hapa kuna mfano ambao kila mwenye kituo cha kuzalisha vifaranga angepaswa kuufahamu. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, ziwa la kutengenezwa la Belews lilipokea katika miaka ya 1970 maji kutoka madimbwi ya majivu ya kituo cha umeme cha makaa ya mawe. Maji hayo yalibeba seleniamu, ambayo kikemia si metali nzito lakini husafiri nazo na kupimwa pamoja nazo. Seleniamu iliingia katika chakula cha samaki, ikahamia kwa majike, na kutoka kwa majike ikaingia katika mayai. Kati ya spishi 20 za samaki waliokuwamo, 19 zilitoweka. Samaki wakubwa waliweza kuonekana wazima wakati uzao wao unakatika, na mtu ambaye angewatazama hao wakubwa peke yao angeandika katika ripoti kwamba ziwa liko salama.

Ninafika sasa kwenye hoja ambayo ningependa ikumbukwe kuliko nyingine zote katika barua hii. Mfugaji akiuliza kama maji ya mto fulani yanafaa, mara nyingi hupewa cheti kinachoonyesha kwamba maji yanakidhi viwango vya maji ya kunywa, na hapo wote wawili, mtoa cheti na mpokeaji, huondoka wakidhani suala limekwisha. Halijaisha. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza kwamba maji ya kunywa ya binadamu yasizidi miligramu 2 za shaba kwa lita, yaani mikrogramu 2,000. Trauti wachanga katika maji laini wanaweza kufa ndani ya siku chache kwa makumi machache tu ya mikrogramu. Kwa kadimiamu, pendekezo la maji ya kunywa ni mikrogramu 3 kwa lita, ilhali kiwango cha wastani wa mwaka ambacho Umoja wa Ulaya umeweka kwa ajili ya viumbe wa mito na maziwa, pale maji yanapokuwa laini kabisa, ni mikrogramu 0.08, na katika majaribio ya maji laini mikrogramu chache tu za kadimiamu zimeua watoto wa trauti. Binadamu hunywa lita chache kwa siku na utumbo wake huchuja. Samaki anayapitisha maji yote anamoishi juu ya matamvua yake, usiku na mchana, maisha yake yote. Cheti cha maji ya kunywa hakiwezi kumlinda, na kukitumia kama kibali cha kufugia ni kosa la kiutaratibu ambalo ninyi mna uwezo wa kulifuta kwa waraka mmoja.

Jambo linalohusiana na hilo ni ugumu wa maji. Kalisiamu iliyomo katika maji magumu hushindana na metali mlangoni mwa matamvua na kumpunguzia samaki madhara. Maji laini hayana kinga hiyo. Ndiyo sababu kiwango hichohicho cha Umoja wa Ulaya cha kadimiamu hupanda kutoka mikrogramu 0.08 katika maji yenye chini ya miligramu 40 za kalisiamu kaboneti kwa lita hadi mikrogramu 0.25 katika maji yenye miligramu 200 na zaidi, na ndiyo sababu shirika la mazingira la Marekani huhesabu viwango vya metali kadhaa kwa kufuata ugumu wa maji, na kwa shaba, tangu mwaka 2007, limependekeza hesabu inayozingatia pia tindikali na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka. Nchi iliyoweka namba moja kwa mito yake yote, ile ya milimani yenye maji laini na ile ya mabonde ya chokaa, imewaacha samaki wa mito ya milimani bila ulinzi, na huenda imewabana bure wenye viwanda wa mabondeni. Haki kwa pande zote mbili ni kupima ugumu na pH, yaani kipimo cha tindikali, kila mara metali zinapopimwa, na kusoma matokeo kwa pamoja. Gharama ya vipimo hivyo viwili ni ndogo ukilinganisha na ya kupima metali zenyewe.

Hata namna ya kuchukua sampuli inahitaji kutazamwa upya. Sampuli moja iliyochotwa mchana wa kiangazi kila baada ya miezi kadhaa haisemi lolote kuhusu mvua za kwanza zinazoosha vifusi vya migodi na kuingiza mtoni kwa saa chache mzigo wa metali uliojikusanya msimu mzima. Tena, katika vijito vinavyopita maeneo ya migodi imepimwa na kuthibitishwa kwamba zinki iliyoyeyuka hupanda usiku na kufikia kilele karibu na alfajiri, wakati mwingine mara kadhaa ya kiwango cha alasiri, kwa sababu ya mabadiliko ya pH na joto yanayofuata jua. Sampuli za saa za kazi huikosa hali hiyo kabisa. Kuna vifaa vidogo vinavyoachwa majini kwa siku kadhaa vikikusanya metali polepole, na kuna mashine za kuchota sampuli zenyewe kila saa. Vilevile kuna njia ya zamani na ya uhakika ya kuweka kizimba kidogo chenye samaki wachanga kwenye mlango wa maji na kuwatazama kila siku.

Kuhusu tope, ninawaomba mlitazame kama kumbukumbu ya mto. Metali nyingi hazibaki zimeyeyuka. Hujishika kwenye chembe za udongo na kutua mahali maji yanapopunguza kasi, na bwawa la samaki ni mahali palipojengwa makusudi ili maji yatulie. Maji ya juu yanaweza kupimwa na kuonekana mazuri wakati chini kuna akiba ya miaka. Oksijeni ikiisha chini, baadhi ya metali hurudi majini. Bwawa likikaushwa na kujazwa tena, metali zilizokuwa zimefungwa na salfaidi huachiliwa baada ya kukutana na hewa. Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu bakteria wanaoishi katika tope lisilo na oksijeni huigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo hujikita katika protini za misuli ya samaki na hupanda kiwango kila samaki mmoja anapomla mwingine. Kiwanda cha kemikali kilichokuwa Dryden, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, kilimwaga takriban tani 9 za zebaki katika mto Wabigoon kati ya mwaka 1962 na 1970. Umwagaji ulisimamishwa, miaka zaidi ya 50 ikapita, na samaki wa mto ule bado wana zebaki ya kutia wasiwasi kwa jamii za wenyeji wanaoishi kwa samaki hao. Kutoa kibali cha bwawa au cha kizimba bila kupima tope ni kumwingiza mfugaji katika deni ambalo hakulikopa.

Hapo ndipo suala la mlaji linapoingia, nami nitalizungumza kwa tahadhari kwa sababu sitaki barua hii imtishe mtu asile samaki. Samaki wengi wa kufugwa, hasa wale wanaokula mimea na wanaovunwa wakiwa na umri mdogo, huwa na zebaki kidogo kuliko samaki wakubwa wa porini wanaokula wenzao, na huo ni ubora wa kweli wa ufugaji. Tatizo ni kwamba ukaguzi wa mnofu unajibu swali moja tu. Kiwango cha Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, cha risasi katika samaki ni miligramu 0.3 kwa kilo, na cha Umoja wa Ulaya cha kadimiamu kwa samaki wengi ni miligramu 0.050, na vyote hupimwa katika misuli; lakini kadimiamu hujilimbikiza katika figo na ini, na risasi katika mifupa na magamba, kwa viwango vinavyozidi kwa mbali vile vya misuli. Perege na kambare ni wavumilivu mno: huendelea kuishi, kula na kuuzwa katika maji ambayo trauti angekufa kwa siku mbili. Kwa hiyo mnofu unaweza kufaulu mtihani huku samaki mwenyewe akiwa ameumia na maji yakiwa machafu, na familia inayokula samaki wadogo wazima, pamoja na vichwa, mifupa na matumbo, haijalindwa na mtihani ule. Kupika hakuondoi metali hizi. Kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliondoa mwaka 2010 kiwango chake cha zamani cha risasi ambacho mtu angeweza kumeza kwa juma, baada ya kuona kwamba hakikuweza tena kusemwa kuwa kinalinda afya, hasa ya ubongo wa mtoto. Ninaomba ukaguzi uongeze ini, figo na matamvua kama viungo vya tahadhari, na samaki wanaoliwa wazima wapimwe wakiwa wazima.

Sasa nizungumze juu ya taarifa, jambo ambalo halihitaji maabara wala vifaa. Tarehe 3 Julai 2010, maji ya tindikali yenye shaba yalivuja kutoka mgodi wa Zijinshan na kuingia mto Ting, mkoa wa Fujian nchini China. Umma uliambiwa tarehe 12 Julai. Takriban tani 1,900 za samaki zilikufa au kuathirika, wakiwemo wa vizimbani. Mwezi Januari 2012, katika mto Longjiang, eneo la Guangxi nchini humohumo, kadimiamu ilimwagwa, na dalili iliyoonekana mapema ni samaki wa vizimbani waliokuwa wakifa. Zaidi ya vifaranga milioni 1 na makumi ya tani za samaki wakubwa walipotea kabla mamlaka hazijafaulu kuituliza kadimiamu kwa kumwaga kemikali mtoni. Tarehe 18 Februari 2025, ukuta wa bwawa la topesumu, yaani mabaki ya kuchakata madini, la kampuni ya kuchakata shaba karibu na Chambishi, Zambia, ulibomoka, na kwa makadirio ya awali takriban lita milioni 50 za majitaka yenye tindikali na metali ziliingia kijito cha Mwambashi na kutoka huko mto Kafue. Samaki walikufa, maji ya bomba ya mji wa Kitwe yakafungwa, na serikali ikalazimika kumwaga chokaa kwa ndege.

Zingatieni mpangilio wa matukio hayo. Mfugaji hujua pale samaki wanapoanza kuelea, na kwa wakati huo hana la kufanya. Angearifiwa saa chache kabla, mwenye bwawa angefunga lango la maji na kukaa na maji aliyonayo akiendesha mashine ya hewa, kwa kuwa samaki huvumilia maji yasiyobadilishwa kwa siku moja au mbili kuliko wanavyovumilia shaba kwa saa sita. Mwenye kizimba kilichoko mtoni angeweza kukivuta kuelekea mkono wa mto usiofikiwa na uchafu, au kuvuna mapema kabla wimbi halijafika. Nyakati zinajulikana, kwa sababu mwendo wa maji kutoka sehemu hadi sehemu unaweza kuhesabiwa. Kinachokosekana ni sheria inayomlazimisha mwenye bwawa la topesumu au kiwanda kutangaza uvujaji ndani ya saa chache, badala ya siku tisa, na ofisi moja inayotajwa kwa jina yenye orodha ya simu za wafugaji wote walio chini yake, ambayo itawajibika ikinyamaza. Ninaomba pia adhabu ya kuchelewa kutoa taarifa iwe kubwa kuliko ya kuvuja kwenyewe. Uvujaji unaweza kuwa ajali; ukimya huwa umeamuliwa na mtu.

Sisi wafugaji nasi tuna wajibu, na itakuwa si haki kuandika kana kwamba sumu yote hutoka kwa wengine. Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, hutumika mabwawani kuua mwani na vimelea, na katika maji laini tofauti kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua ni ndogo sana. Tena sehemu kubwa ya shaba iliyowekwa hubaki kwenye tope, msimu baada ya msimu. Mabomba yaliyopakwa zinki na ya shaba hayafai katika vituo vya kuzalisha vifaranga. Mbolea ya kuku inayorutubisha mabwawa huja na shaba na zinki zilizotiwa katika chakula cha kuku. Chakula cha samaki nacho, kinapotengenezwa kwa unga wa samaki au madini ya kuchanganya yasiyochunguzwa, huingiza kadimiamu na zebaki kwa mlango mwingine. Tuko tayari kuwekewa masharti juu ya haya yote, na kukaguliwa, ilimradi masharti hayo yawe sehemu ya utaratibu unaowagusa na walio juu yetu mtoni.

Ninachopendekeza kifanyike mapema, kabla hata ya sheria mpya, ni kutoa hadharani takwimu ambazo tayari mnazo. Migodi na viwanda vyenye vibali hupima majitaka yao na kuwaletea matokeo. Mamlaka za maji hupima mito. Vituo vya utafiti hupima tope. Matokeo hayo yakiwekwa mahali ambapo mfugaji anaweza kuyasoma kwa lugha yake, kwa jina la mto na tarehe ya sampuli, yakiambatana na ugumu wa maji na pH, atakayetaka kuchimba bwawa ataweza kuamua kabla hajatia fedha zake ardhini. Halafu wapo wale ambao tayari wana mabwawa chini ya migodi iliyokwisha kufungwa na ambayo mwenyewe haonekani. Tope lao linahitaji kupimwa kwa gharama ya umma, na pale litakapokutwa halifai wasaidiwe kuhama au kubadili matumizi ya maji, bila kuachwa waendelee kuuza kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Ninaomba majibu yenu kwa maandishi, nayo yatolewe hadharani kama barua hii, yakieleza ni lini viwango vya maji kwa ajili ya samaki vitatangazwa na ni ofisi ipi itakayopokea taarifa za uvujaji na kuzifikisha kwa wafugaji, saa yoyote ya mchana au usiku.

Wenu katika utumishi,

Mfugaji wa samaki wa maji baridi